Boksi la Besi na Viganja vya Baba

Baba yangu alikuwa kiziwi wa miaka mingi siku alipoweka viganja vyake vyote viwili juu ya boksi la besi la mdogo wangu, akaanza kutikisa kichwa kwa kufuata mapigo, mbele ya wageni wa kipaimara, bila kukosea. Besi ilipotulia, kichwa kilitulia. Iliporudi, nacho kikarudi. Mama aliacha kugawa nyama, akasimama na bakuli mkononi. Mimi nilikuwa hatua chache kutoka pale, gitaa la solo kifuani, nikipiga kipande ambacho vijana wa Moshi mjini walikifuata ukumbini kila Jumapili. Hicho baba hakukisikia. Hakuwahi kusikia hata uzi mmoja wa gitaa langu tangu nilipojifunza, na siku ile pia hakuusikia.

Nitaeleza kwa utaratibu jinsi tulivyofika hapo. Kila nikiisimulia habari hii kwa haraka, wanaonisikiliza hucheka mahali ambapo mimi sicheki.

Nyumbani kwetu ni Marangu, kwenye kihamba cha migomba na kahawa ambacho babu alimwachia baba. Nilikuwa bado shule ya msingi baba alipougua homa ya uti wa mgongo. Alirudi kutoka hospitali ya misheni akiwa mzima wa kila kitu ila masikio. Sauti yake ilibaki, tena iliongezeka. Kwa kuwa hakujisikia mwenyewe, alizungumza kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya korongo. Sisi tulimjibu kwa midomo na kwa mikono. Kila mtu na kila kazi vilikuwa na ishara yake. Ng'ombe ilikuwa kukamua hewa. Kanisa ilikuwa kufumbata mikono na kuinamisha kichwa. Ishara yangu mimi, tangu niliponunua gitaa, ilikuwa kujikuna tumbo, maana ndivyo baba alivyoniona kila jioni barazani: kijana mzima amekumbatia ubao, anajikuna tumbo na kufumba macho.

"Yule mjikuna tumbo yuko wapi?" aliuliza kila nilipochelewa kukata majani ya ng'ombe, na nusu ya kijiji ikajua kwamba natafutwa.

Watu walicheka, na baba alicheka nao kwa kuwa aliona meno yao. Hakuwa na nia mbaya. Lakini nilikuwa na haja moja ambayo sikumwambia mtu, nayo ni kwamba baba asikie ninachofanya. Asikie mara moja tu, ajue kwamba sijikuni.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Mdogo wangu ni kitinda mimba. Kati yetu ni wasichana watupu. Kwa desturi ya kwetu, mwana wa kwanza huonyeshwa kihamba chake mahali pengine akaanzishe mji wake, na wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi. Desturi hiyo sijawahi kuilalamikia. Niliulalamikia mti.

Ulikuwa mringaringa, karibu na mfereji unaoleta maji ya mlima kwenye migomba yetu. Mbao za mti huo ni nyepesi na hazipasuki ovyo. Wazee walizitumia kwa mizinga ya nyuki na kwa vyombo vya kuchachushia mbege, pombe yetu ya ndizi. Upepo ulipouangusha, baba aliita wapasua mbao, kisha akazipanga mbao darini juu ya moto wa jikoni ili zikauke. Wakati huo nilikuwa nikijenga nyumba kwenye kihamba changu, na kuta zilikuwa zimefika madirishani. Nikamwonyesha baba kwa mikono: mlango, nikafungua na kufunga hewa; kisha nikaonyesha kidole darini.

"Ngoja zikauke," akasema kwa sauti ya kufika kwa jirani.

Nikangoja.

Siku za kazi nilikuwa mjini, karani kwenye ghala la kahawa, nimepanga chumba mtaa wa Soweto. Mdogo wangu alipomaliza shule alinifuata, akalala kwenye mkeka chumbani kwangu, na mimi ndiye niliyemfundisha gitaa. Bendi yetu ilipiga Jumapili mchana katika ukumbi wa baa moja, dansi la vijana tuliloliita bugi, ambako wasichana waliruhusiwa kuja kwa sababu wangekuwa nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Nilipomwingiza mdogo wangu kwenye bendi nilimpa besi. Besi ilikuwa kiti cha mgeni. Hakuna aliyeitaka, kwa kuwa hakuna aliyeisikia.

Vyombo vyetu vilikuwa amplifaya moja na spika mbili nyembamba ndefu, tulizozisimamisha pembeni mwa jukwaa juu ya meza. Sauti za waimbaji, solo, rithimu na besi, vyote vilipita humo. Kwa mtindo huo solo ndiyo iliyotawala. Sauti nyembamba hupenya hata kwenye spika mbaya, lakini nzito hufia humo ndani. Mdogo wangu akiongeza sauti, spika zilikwaruza na mwimbaji wetu aligeuka kumkodolea macho. Kwa hiyo alipiga kwa sauti ya chini nyuma yangu, ameinamisha kichwa, na watu waliocheza mbele walitazama vidole vyangu. Naweza kusema bila majivuno kwamba walijua vidole vyangu kuliko sura yangu. Muuguzi mmoja mwanafunzi alikuwa akija kila Jumapili na kusimama upande wangu wa jukwaa, mkono mmoja juu ya spika, mwingine ukishika soda ambayo haikuisha.

Mabadiliko yalianza siku tulipopeleka amplifaya kwa fundi redio. Alikuwa Mpare wa Same, mwenye kibanda karibu na stendi ya mabasi, na kwa kuwa Wapare na Wachaga tuna utani wetu, hakuna kazi aliyotufanyia bila kututukana kwanza. Alifungua amplifaya, akanusa, akaguna.

"Mnataka spika moja ifanye kazi ya kuku na ya ng'ombe," akasema. "Sauti nzito inataka boksi lake peke yake, na amplifaya yake, na likae chini sakafuni. Hizi ndefu ziachieni waimbaji na haya magitaa ya kupiga kelele."

"Na solo?" nikauliza.

"Solo ina shida gani? Wewe unasikika mpaka Arusha."

"Basi tuache kama ilivyo."

Fundi aliinua macho kutoka kwenye waya akanitazama, kisha akamtazama mdogo wangu, kisha akanirudia. "Ala," akasema. "Kumbe ndiyo hivyo." Akaendelea na kazi yake.

Jumba moja la sinema lilikuwa limebadilisha vyombo, na fundi alibaki na spika yao moja kuukuu, pana kama ungo, karatasi yake imechanika pembeni. Aliiziba kwa gundi na kitambaa chepesi. Amplifaya ya pili aliiunga mwenyewe kutokana na mabaki ya redio kubwa za zamani. Kilichokosekana ni boksi. Plaiwudi wakati ule ilikuwa adimu kama sukari. Ukiiona ujue ni ya mtu. Wiki nzima mdogo wangu alizunguka mjini akitafuta mbao, na mimi nilifurahi kila jioni aliporudi mikono mitupu. Nilimwambia, "Pole sana, mdogo wangu," na nikamwekea chakula.

Jumamosi moja tulipanda wote kwenda nyumbani. Nilidhani tunakwenda kusalimia. Tulimkuta baba ameketi nje akinoa panga. Mdogo wangu alimpa shikamoo kwa kuinama, akachuchumaa mbele yake, akachukua mkono wake wa kulia na kuuweka kifuani mwake mwenyewe. Kisha akafunga mdomo na kuvuma. Sauti ya chini kabisa, ile ambayo mtu huitoa akibeba mzigo. Baba alikunja uso. Mdogo wangu alinyamaza, akavuma tena, mara fupi, mara ndefu, kwa mapigo ya dansi. Baba aliweka panga chini na kuleta mkono wa pili. Walikaa hivyo kitambo, kama mtu na daktari wake, na mimi nikiwa nimesimama na mfuko wa sukari niliokuwa nimeuleta.

Kisha mdogo wangu akachora boksi hewani, akaonyesha darini.

"Chukua," baba akasema.

Sikungoja tufike mbali. Tulikuwa kwenye njia ya mfereji, mbao begani, yeye mbele na mimi nyuma, kwa maana mama alikuwa ameniambia nimsaidie mdogo wangu kubeba.

"Hizi ni mbao za milango yangu," nikasema.

"Milango gani, kaka? Nyumba yako haina hata paa."

"Paa linakuja."

"Basi na mbao zitakuja."

"Ulimwambia baba kwamba niliziomba mimi kwanza?"

"Kwa ishara gani?" akauliza, na hakuwa akidhihaki. Alisimama kweli, mbao begani, akifikiri ni ishara gani ambayo ingesema neno "kwanza." Nilimwambia atembee.

Seremala mmoja, jirani yetu, alilifanya boksi kwa siku chache, kubwa kama sanduku la mahari, limebana kila upande kwa sababu alizoea vyombo vya mbege, visivyoruhusiwa kuvuja. Fundi alikuwa amemwagiza mdogo wangu: ndani kijazwe kitu laini, la sivyo boksi litavuma lenyewe kama mzinga. Kwetu mlimani kitu laini ni kimoja. Yai linafungwa kwa majani makavu ya mgomba, ndama analazwa juu yake, mzigo wa kichwani unawekewa kata yake, chombo cha mbege kinafunikwa kwayo. Mdogo wangu na seremala walilishindilia boksi majani makavu ya mgomba mpaka likagoma kupokea, wakakaza misumari ya parafujo, wakaridhika.

Tulilijaribu mchana katika ua wa ukumbi. Mdogo wangu alipiga uzi mnene. Boksi lilitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye bendi yetu, nzito, ya kweli, na nyuma yake, bila kukawia, *chwaaa*. Akapiga tena. *Chwaaa*. Ilikuwa kama ng'ombe anayetembea ndani ya shamba la migomba wakati wa kiangazi. Mwimbaji wetu alikaa chini kwa kicheko. Mimi nilicheka zaidi yake. Nilicheka hadi nikashika ukuta, na nilipomwona mdogo wangu akipiga na kusikiliza, akipiga na kusikiliza, mdomo wazi, nilihisi afya njema mwili mzima.

Fundi alikuja na bisibisi. Alilifungua boksi mgongoni, akachomoa fungu la kwanza la majani, akaliangalia, akachomoa la pili.

"Mungu wangu," akasema. "Wachaga! Ninyi hata redio mtaifunga kwenye majani ya mgomba muipeleke posa."

"Ulisema kitu laini," mdogo wangu akajitetea.

"Laini na kimya! Hili ni jani, linaongea. Mlitaka lipige rithimu?"

"Usitushtaki tu," nikasema. "Najua Wapare, ng'ombe akikohoa mnakwenda mahakamani."

"Kesi hii ningeshinda," fundi akasema. "Ushahidi ninao mkononi."

Akaagiza sufi, ile ya kwenye mito. Mdogo wangu alikimbia Soweto akarudi na sufi ya kutosha. Jioni nilipokwenda kulala niligundua kwamba mto wangu ulikuwa mfuko mtupu. Nililalia koti langu.

Jumapili iliyofuata boksi liliwekwa sakafuni, kwenye kona ya jukwaa, kuta mbili zikililinda. Fundi alisema kona huongeza uzito bila gharama. Niliangalia kila kitu siku ile, na bado nakiona kwa mpangilio wake. Kwanza chupa tupu kwenye kreti nyuma ya kaunta zilianza kulia, kriii, kila besi iliposhuka. Kisha vioo vya madirisha. Kisha wale wazee wawili wa baa ambao hawakuwahi kugeuka kututazama waligeuza viti vyao. Kisha vijana waliokuwa wakicheza kwa mabega walianza kucheza kwa viuno. Suruali za pekosi, pana miguuni, zilifagia sakafu kwa namna mpya. Hawakutazama tena vidole vya mtu. Walitazama chini, au walifumba macho, kama watu wanaosikilizia maumivu yakipungua.

Muuguzi mwanafunzi alisimama upande wangu mpaka wimbo wa pili. Katika wimbo wa tatu alichukua soda yake akahama, akaenda kusimama kwenye kona ya boksi, na kiganja chake akakiweka juu yake. Hakunitazama wakati anahama, na ningependelea angenitazama.

Tulipopumzika, mwimbaji wetu alinipiga begani. "Leo solo yako safi kuliko siku zote," akasema. "Haikwaruzi. Kila uzi unasikika." Hilo lilikuwa kweli. Spika ndefu zilikuwa zimepunguziwa mzigo, na gitaa langu lilikuwa linang'aa. Nilikuwa nimepiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga, watu wakanipa migongo.

Kiswahili kina maneno mawili kwa jambo hili. Wivu ni wa kuchunga kilicho chako. Kijicho ni cha kutamani cha mwenzako. Wiki zile sikuweza kujua ninacho kipi. Nilimfundisha mimi, nilimlaza kwenye chumba changu, mbao zilikuwa zangu, sufi yangu, lakini sauti ilikuwa yake. Nilianza kupiga kwa haraka zaidi na kwa sauti ya juu zaidi. Mwimbaji aliniomba nipunguze. Hata hivyo, nilijipa moyo kwa jambo moja. Baba yetu ni kiziwi, nilijiambia, na kwa baba tuko sawa, hakuna aliyesikika. Nililishika wazo hilo kama mtu anavyoshika bomba la basi.

Ndipo ikaja kipaimara ya mpwa wetu, mtoto wa mkubwa wa dada zetu, na mama akasema bendi ipande.

Vyombo vilipanda Jumamosi kwa Land Rover ya kuazima, pamoja na jenereta ndogo ya petroli. Dereva aliviteremsha akageuza gari mapema Jumapili, kwa sababu siku zile magari yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa mafuta, na hakutaka kukutwa barabarani. Tulipanga kwamba Jumatatu mdogo wangu ateremke kutafuta gari jingine. Jenereta tuliiweka mbali, chini kwenye migomba, ili isisumbue, tukaunganisha waya mrefu hadi uani. Boksi tuliliweka kwenye kona kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa banda.

Watu walitoka kanisani, wakala, mbege ikaanza kuzunguka. Tulipoanza kupiga, baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, miguu imekanyaga ardhi, kata yake ya kunywea mbege mkononi. Niliona akiangalia chini. Akahamisha mguu. Akaangalia mbege ndani ya kata, na nadhani aliona ikitetemeka. Kisha akainuka, akapita katikati ya wageni kama mtu anayefuata harufu, mpaka kwenye boksi, akampa mjukuu kata amshikie, na akaweka viganja.

Yaliyofuata nimeshayaeleza, isipokuwa mambo mawili.

La kwanza, alisema. Alisema kwa sauti yake ile, juu ya muziki wote, na watu wa kule mferejini nao walisikia: "Kumbe hiki ndicho mnachokikimbilia mjini!"

Wageni walipiga vigelegele. Mdogo wangu alicheka mpaka machozi, akaendelea kupiga bila kukosa. Kisha alifanya jambo ambalo ni la heshima, na sikulipenda. Alininyooshea kidevu, akimwonyesha baba kwamba na mimi nipo, na mimi napiga. Baba alinitazama. Alikuwa na uso wa furaha kabisa. Aliondoa kiganja kimoja kwenye boksi, akajikuna tumbo, watu wote wakaangua kicheko, na kiganja akakirudisha.

La pili ni kata. Kwetu kata ya mbege haitembei ovyo. Mkubwa hunywa, kisha hupokeza kwa kufuata ukubwa, na katika nyumba ya baba yangu, baada yake ni mimi. Tulipotua kupumzika, baba alichukua kata yake kwa mjukuu, akanywa, akafuta mdomo, na kwa mikono miwili akampa mdogo wangu. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka. Uliona aibu peke yake, hapo hewani, mpaka nikaupa kazi ya kulegeza uzi wa gitaa.

"Ee!" akasema shangazi yetu, dada wa baba, mwanamke asiyeacha neno limpite. "Leo mzaliwa wa kwanza amewekwa foleni! Vumilia, mwanangu, labda na mbege imeadimika kama sukari."

Mdogo wangu hakunywa. Alinipa mimi. "Kunywa, kaka," akasema kwa sauti ya chini. Nilikunywa, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Jumatatu asubuhi alishuka kutafuta gari. Wenzetu wa bendi walikuwa wamekwisha kuondoka kwa miguu hadi barabara ya mabasi. Mama alikuwa bustanini, nyuma ya banda. Uani tulibaki mimi, baba, boksi, na jenereta yenye petroli iliyosalia kidogo.

Mpango niliukamilisha wakati wa chai. Waya mrefu ulikuwa wa kuazima na mwenyewe alikuwa ameshaukunja akaenda nao, kwa hiyo niliivuta jenereta hadi nyuma ya ukuta wa nyumba, nikatumia waya mfupi. Nikaiwasha. Gitaa langu nikalichomeka kwenye amplifaya ya besi. Nikaenda kumshika baba mkono, nikamleta, nikaviweka viganja vyake juu ya boksi palepale alipokuwa ameviweka jana. Alikubali kwa upole. Akasimama akiangalia migomba.

Nikaanza. Nilianza na kile kipande cha Jumapili, chote, kwa ufundi wangu wote. Spika ile haikuumbwa kwa sauti nyembamba. Ilitoa mlio wa nyuma ya pazia. Lakini nilijua nilichopiga, nami nilikipiga vizuri. Nilimaliza. Nikamwangalia.

Baba alingoja. Kisha akageuka, viganja bado viko juu ya boksi, akaniuliza, safari hii kwa sauti karibu ya kawaida:

"Hujaanza bado?"

Nilitikisa kichwa kwamba bado.

Niliuacha ule uzi mwembamba, nikaenda kwenye uzi wa sita, ulio mnene kuliko wote. Niliulegeza mpaka ukaanza kupwaya, karibu na sauti ya besi lakini si besi. Nikapiga pigo moja, nikaliacha life. Baba akangoja. Nikapiga jingine. Nyuma ya ukuta jenereta ilianza kukohoa. Petroli ilikuwa inaisha, injini ikawa inaruka na kutetemesha ukuta wenyewe, ule ukuta ambao boksi lilikuwa limeuegemea. Nikapiga haraka, mara mbili, mara tatu, nikiuvuta uzi kwa dole gumba mpaka ukachapa ubao.

Baba akainua kidole. "Hapo," akasema.

Jenereta ikazima.

Nilibaki na mkono juu ya nyuzi zilizokufa. Nilimwonyesha gitaa, nikapiga uzi hewani, nikamwuliza kwa midomo: huu? Kisha nikaonyesha ukuta, nikatingisha ngumi kama injini: au ile? Baba alitazama mkono mmoja, akatazama mwingine. Alitabasamu, akanigonga begani na kwenda kunoa panga lake.

Nilitafuta petroli kijijini mchana ule. Hakuna aliyekuwa nayo. Alasiri mdogo wangu alikuja na gari, akashukuru kwamba nimevikusanya vyombo, na boksi likapanda kwanza.

Mimi nilibaki, na jioni nilimsihi mama amwulize baba, kwa maana wao wawili walikuwa na ishara zao za tangu ugonjwa, ambazo sisi watoto hatukuzijua. Walizungumza kwa mikono karibu na moto. Ilichukua muda kuliko nilivyotarajia.

"Anasema umepiga," mama akaniambia.

"Anasema alisikia?"

"Anasema umepiga."

"Mama, ndiye aliyesema, au ni wewe?"

"Kula," mama akasema, akanisogezea mtori.

Mwaka uliofuata bendi moja ya Dar es Salaam ilimchukua mdogo wangu, yeye na boksi lake, na yetu ikavunjika. Baba aliishi miaka mingine mingi, mwenye nguvu, mwenye sauti. Mlimani jenereta na spika ya aina ile sikuvipata tena pamoja. Nimewauliza mafundi watatu kwa nyakati tofauti kama uzi wa sita uliolegezwa, kwenye spika pana kama ile, ungeweza kufika kwenye viganja vya mtu. Wawili walisema ungefika. Wa tatu aliuliza jenereta ilikuwa wapi.